Aendaye kwa Wadukuzi Arudi na Somo

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii imezoeleka masikioni mwa wafanyabiashara, lakini leo ningependa kuielekeza kwa walimu na wanafunzi wa kompyuta wa Migori na Homa Bay, hasa wale wanaobahatika kwenda ng'ambo kuhudhuria mikutano ya wadukuzi. Safari ya namna hiyo ni mali, na mara nyingi ni mali ya wengi. Nauli ya ndege hutokana na mchango wa jamaa na majirani, pengine na ng'ombe aliyeuzwa. Je, msafiri akirejea, waliomchangia hupata nini zaidi ya kutazama picha zake?

Kwanza tuondoe dhana potovu. Kwa wengi wetu mdukuzi ni mwizi tu, yule anayempigia mama muuza omena simu na kumlaghai hadi akaunti yake ya M-Pesa ikabaki tupu. Wezi hao wapo, na wamewaliza wengi. Hata hivyo, wapo wadukuzi wa aina nyingine, wanaochunguza mitambo ili udhaifu wake ujulikane na urekebishwe. Mnamo 1984 wanachama wa Chaos Computer Club ya Ujerumani walitumia udhaifu wa mtandao wa posta ya nchi hiyo, benki moja ya Hamburg ikadaiwa zaidi ya maki 130,000 kwa usiku mmoja. Hawakuzila fedha hizo. Waliita waandishi wa habari na kuueleza umma jinsi jambo lilivyotendeka. Mwaka huo huo chama hicho kilianza mkutano wake wa kila mwaka, ambao kwa kawaida hufanyika baina ya Krismasi na Mwaka Mpya. Huko Las Vegas, Marekani, mkutano wa DEF CON ulianza 1993.

Kuna jambo ambalo msafiri hana budi kulielewa kabla ya kufunga mzigo. Mihadhara mingi ya mikutano hiyo hurekodiwa na hatimaye kuwekwa kwenye intaneti bila malipo. Mwalimu aliye Oyugis au Awendo anaweza kuipakua na kuwaonyesha wanafunzi wake pasipo kuvuka hata Mto Kuja. Basi anayesafiri maelfu ya kilomita ili aketi ukumbini akisikiliza mihadhara tangu asubuhi hadi jioni amenunua kwa bei ghali kitu kinachogawiwa bure. Kisichorekodiwa ni watu: mazungumzo ya ukumbini, meza za mafundi wanaofungua kufuli na redio mbele ya macho yako, na yule mtaalamu ambaye ukimwuliza swali zuri atakaa nawe saa nzima.

Lakini swali zuri haliokotwi uwanja wa ndege. Hutayarishwa nyumbani. Ningependekeza kwamba mwalimu anayetarajia kusafiri atazame mihadhara ya miaka iliyopita pamoja na wanafunzi wake, kisha darasa zima limwandikie maswali matano. Nayo yawe maswali yetu: vipi mzee asiyejua kusoma atalindwa dhidi ya walaghai wa simu? Shule yenye kompyuta chache na kuukuu itafundishaje usalama wa mitambo pale umeme unapokatika kila mara? Mwenye maswali kama hayo hatakuwa mtalii. Atakuwa mjumbe.

Akifika huko, asikae pembeni kwa haya. Mkutano wa Ujerumani huendeshwa na watu wa kujitolea, waitwao malaika, ambao hulinda milango, hupanga viti na kuwaelekeza wageni. Mgeni pia huruhusiwa kujiandikisha. Saa chache za kazi hiyo humpatia marafiki wengi kuliko siku nzima ya kuzurura, na hata mlo pia. Aidha, aheshimu desturi za wenyeji: si adabu kumpiga mtu picha bila idhini yake. Na kila jioni aandike katika daftari alionana na nani, akajifunza nini, na atakifundisha vipi.

Najua wapo watakaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini fedha hizo zisinunue vitabu. Jibu langu ni kwamba safari isiyo na mpango haistahili hata senti moja. Afadhali fedha hizo zinunue vitabu, au zimfikishe mwanafunzi Nairobi ambako mikutano ya aina hii pia huandaliwa. Lakini mtu mmoja aliyejiandaa vyema, akirudi na kuwafundisha walimu kumi, amerudisha gharama yake. Kila mmoja wa walimu hao ana darasa, na kila mwanafunzi ana mzazi mwenye simu.

Jambo jingine lisilofaa kupuuzwa ni sheria. Yanayoonyeshwa jukwaani ughaibuni hufanywa juu ya mitambo iliyotengwa kwa majaribio au kwa idhini ya wenyewe. Kijana anayerudi na kujaribu ujuzi huo kwenye kompyuta za shule au za serikali ya kaunti pasipo ruhusa atakumbana na Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya 2018, ambayo kwa kosa la kuingia tu bila idhini imeweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au adhabu zote mbili. Mwalimu na alitamke hilo katika kipindi cha kwanza.

Kaunti ya Homa Bay inajua maana ya kumtuma mwana ng'ambo. Katika kisiwa cha Rusinga limo kaburi la Tom Mboya, aliyekuwa miongoni mwa walioandaa ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani mnamo Septemba 1959. Wazazi na majirani walichanga walichokuwa nacho, kwa matumaini kwamba vijana hao wangerudi kujenga taifa. Deni la msafiri wa leo ni lile lile, japo safari yake ni ya siku chache tu.

Kwa hivyo, kabla ya mwezi kwisha tangu arejee, na asimame mbele ya waliomchangia, kanisani, barazani au katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya, afungue daftari lake na kutoa hesabu. Na aanze kwa kumweleza yule mama muuza omena, kwa lugha anayoielewa, jinsi mwizi wa simu anavyofanya kazi na jinsi ya kumkwepa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.