Mahali si Pambo

Tumesomeshwa kwamba katika filamu ya taharuki muda huendeshwa na mhariri peke yake. Mahali ni pambo, na kisa kinaweza kuhamishwa popote.

Haya, tuanze na huyo mhariri. Katika Rope ya Hitchcock (1948) karibu hana kazi: dakika 80, nyumba moja, vipande virefu vinavyofika takriban dakika 10, mikato ya kuhesabika. Basi muda unapitaje? Tazama dirishani. Mawingu yanasogea, jua linazama New York, taa za mabango zinawaka, na maiti bado imo sandukuni, wageni wakijipakulia chakula juu yake. Pambo gani hilo linalomtoa mtu jasho?

Eti kisa kihamishwe popote! Haya, itoeni Insomnia (2002) Alaska, ambako katika kisa hicho jua halizami, muipeleke Los Angeles alikotoka mpelelezi wake. Usiku akihangaika kuziba dirisha la hoteli, atakuwa anaziba nini? Anataka kwenda shuleni kumhoji kijana, anaambiwa ni saa nne usiku. Kapotea, nasi tumepotea naye. Mkasi upi ungefanya hivyo?

Mhariri apewe haki yake, lakini asipewe na ya jua. Anayebisha azitazame filamu hizo kwanza, ndipo aandike.