Usihamishe Mbegu ya Muhogo Ovyo

Ewe mkulima uliyepata shamba jipya katika skimu, huenda ulibeba vijiti vya muhogo kutoka kwenu kwa kuwa umevizoea. Kukumbuka ya nyumbani ni jambo jema, lakini katika hili shauri langu ni moja: acha.

Sababu ni batobato. Waijua: majani hukunjamana na kuwa na mabaka ya manjano, na mizizi huwa midogo. Huenezwa na inzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe apandapo vijiti vyenye ugonjwa. Wengi hudhani kwamba batobato ya Busia na ya Kilifi ni moja, kwa kuwa kwa macho zafanana. Sivyo.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Scotland walilipima jambo hili. Walimdunga panya virusi vya muhogo, na mwili wake ukatengeneza kingamwili, yaani askari wa kupigana na ugonjwa. Kila seli hutengeneza askari wa namna moja tu. Basi seli hizo zikaunganishwa na seli za saratani zisizokoma kuzaana, wakapatikana askari wengi wa namna moja, wanaomjua adui wao kama ufunguo ujuavyo kufuli yake. Walipotiwa katika maji ya majani ya muhogo, virusi vya magharibi ya Kenya vilionekana kuwa mbali na vya Pwani.

Je, virusi hivyo vikikutana? Uganda waliyaona. Namna mbili ziliingia katika mmea mmoja, zikachanganyika, kikazaliwa kirusi kipya. Asili yake ni ile ya mashariki, lakini koti lake lina kiraka cha mwenzake, hata askari wale wakadanganyika. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1997, baada ya watu wengi kupoteza muhogo wao. Miaka hiyo ya 1990 maradhi hayo yakavuka hadi magharibi ya Kenya. Tena, namna mbili zikiwa pamoja katika shina moja, mmea huumia zaidi.

Ikiwa kipimo cha wataalamu kilidanganyika, jicho lako litaweza nini? Usivushe mbegu kutoka mkoa hadi mkoa. Muulize Afisa wa Kilimo mbegu iliyokaguliwa. Kata vijiti kwenye mashina safi tu, na ung'oe mgonjwa angali mchanga. Kijiti cha bure chaweza kukugharimu chakula cha mwaka mzima, wewe na jirani yako.