Mbwa Naye Apewe Ufuo Wake

Ijumaa moja jioni nilikuwa nikipita ufuoni Nyali kuelekea msikitini, kanzu nimeikunja isilowe, Magharibi imekaribia. Mara akatoka baharini mbwa mkubwa mweusi, akaja akajikung'uta mbele yangu. Kanzu yote ikatapakaa maji. Mwenyewe, bwana mmoja mpole, alikuja mbio akisema, "Usiogope mzee, haumi." Sikuogopa meno. Niliiwazia sala yangu.

Kabla sijamjibu, vijana wawili walikwisha okota mawe. Nikajikuta namtetea mbwa yule yule aliyeniharibia kanzu.

Msomaji, hebu tulipime jambo hili kwa haki. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Maalimu wetu chuoni alitufunza pia kwamba kikavu kikigusana na kikavu hapana najisi. Lakini ufuoni kikavu ki wapi? Mbwa kalowa, na mwenye kanzu kalowa. Anayesema "ni mbwa tu" hajui analomtendea mwenziwe.

Walakini chuo hicho hicho kilitusomesha Sura ya Kahf, ambamo mbwa wa wale vijana wa pangoni katajwa pamoja nao, kanyoosha miguu yake kizingitini. Tukafunzwa na hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Tahara haikuamrishwa iwe kisingizio cha ukatili. Najisi huoshwa kwa maji na udongo. Dhuluma haioshwi hivyo.

Na ufuo ni wa nani? Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 62, yasema ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Si yangu peke yangu, wala si ya mwenye mbwa, wala si ya hoteli. Basi na tugawane, kwa mahali na kwa wakati.

Wenzetu wamefanya hivyo. Uingereza, ambako mbwa hulala sebuleni, halmashauri nyingi za pwani huwakataza mbwa katika sehemu fulani za ufuo tangu Mei hadi Septemba, watu wanapojaa, na kuwaachia sehemu nyingine. Marekani, mji wa San Diego una ufuo wa mbwa tangu miaka ya 1970. Hata hao wapendao mbwa hawakuwapa pwani nzima.

Serikali zetu za kaunti nazo zitenge vipande vyenye vibao, mbali na njia za misikitini, mbali na wanapoogelea watoto, na mbali na fuo ambazo kasa hutaga, kama kule Watamu, kwani mbwa hufukua mayai. Huko mbwa akimbie atakavyo. Kwingineko afungwe kamba. Na kila mbwa achanjwe, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, ni nadra mno mtu kupona. Kinyesi nacho mwenyewe akizoe: kina minyoo ambayo viluwiluwi vyake hupenya nyayo za apitaye miguu mitupu.

Kwa vijana wetu nina neno moja: mbwa akikukaribia, mwite mwenyewe. Jiwe halimtahirishi mtu.

Bwana yule aliniomba radhi, nikampa. Kisha akaniuliza, "Mzee, sasa nimpeleke wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani kubadili kanzu, na sala ya jamaa ikanipita. Simlaumu mbwa. Wa kulaumiwa ni sisi tulioshindwa kumwonyesha mwenyewe pa kumpeleka.