MCHAGUA SINDANO NDIYE MFUMAJI

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeimbiwa tangu shule ya msingi na tumeitia katika insha mpaka wino ukatuishia. Leo, kwa heshima na taadhima, nasimama mbele yenu wasomaji wa jarida letu niseme kwamba katika kazi ya kroshia methali hiyo ilinipotosha. Tena ilinitia hasara.

Najua kuna mvulana ambaye ameshaanza kufunua ukurasa unaofuata akisema haya ni mambo ya wasichana. Ngoja kwanza, ndugu yangu! Kile kitambaa cheupe kilichotandazwa juu ya kiti cha sebuleni kwenu kilifumwa na mtu, na huenda mtu huyo alikuwa akitafuta karo ya mtoto kama wewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Likizo ya Desemba, mamangu alipata oda ya vitambaa vya viti vitatu. Yeye akachukua vya mgongo, mimi nikapewa vya mikono, jumla sita. Nilikuwa nafumia sindano yetu iliyotengenezwa kwa spoki ya baiskeli. Nilipomaliza cha tatu, sindano ikapotea. Tulipekua nyumba nzima, wapi! Basi nikaazima kwa mama jirani. Nilipoishika tu nikahisi tofauti. Nikasema, "Mama, hii si kama ile yetu." Akanijibu, "Wewe fuma tu. Mchagua jembe si mkulima."

Nikafuma. Vitanzi vilikuwa 80 kwa kila mstari, sawasawa na vile vya kwanza. Siku ya kupeleka mzigo, mteja akavitandika kimoja kimoja. Lo! Kiti kimoja mkono wa kulia ulivaa shati lake na wa kushoto ukavaa la baba yake. Mteja akauliza kama vitambaa hivyo ni vya nyumba mbili. Alilipa nusu tu, na pesa hizo ndizo zilizokuwa za vitabu vyangu vya muhula wa kwanza.

Januari sindano yetu ilionekana, imejificha chini ya godoro. Nikazichukua zote mbili hadi maabara ya fizikia, na kwa ruhusa ya mwalimu nikazipima kwa ile kalipa ya vernia tuliyofundishwa kidato cha pili. Yetu ilikuwa milimita 2.0, ya jirani milimita 2.5. Mtu atasema nusu milimita ni kitu gani? Haya, piga hesabu. Kila kitanzi kikizidi kwa nusu milimita, vitanzi 80 vitazidi kwa milimita 40, yaani sentimita 4. Kwenye mkono wa kiti, hata kipofu ataziona kwa kupapasa.

Kwa hivyo maoni yangu ni kwamba sindano huchaguliwa, na huchaguliwa kabla ya kazi kuanza. Jambo la kwanza la kutazama ni uzi. Uzi mwembamba wa pamba, kama ule wa namba 10, hupatana na sindano ya milimita 1.5 hivi. Uzi wa sweta wa kawaida hutaka milimita 4. Ukitumia sindano nyembamba kwa uzi mnene, ndoana itaupasua uzi badala ya kuunasa. Ukifanya kinyume chake utapata wavu wa kuvulia samaki.

La pili ni kazi yenyewe. Shali inatakiwa ilegee na kuteremka begani, basi chukua sindano nene kidogo kuliko kawaida ya uzi huo. Mwanasesere wa kushindiliwa pamba anataka nyembamba, la sivyo matumbo yake yatachungulia nje.

La tatu ni mkono wako. Kuna wanaokaza uzi kama wanafunga mbuzi, na kuna wanaoulegeza. Dawa yake ni kufuma kwanza kipande cha kujaribia, sentimita 10 kwa 10, halafu uhesabu vitanzi. Vikizidi idadi unayotaka, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua, chukua nyembamba. Ukishaipata iliyo sawa, usiibadilishe mpaka kazi iishe. Mimi hilo nimelilipia.

Na tusidanganywe na namba. Katika namba za zamani za Uingereza, kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyopungua: namba 8 ni milimita 4, na namba 14 ni milimita 2! Anayekwambia "nipe kubwa" hujui anataka ipi. Tuseme milimita tuelewane. Namba ikiwa imefutika, pima shina la sindano, usipime kichwa, kwa sababu shina ndilo linalotoa ukubwa wa kitanzi.

Najua hoja ya wapinzani wangu. Watasema, "Sindano za kila aina ni za matajiri. Sisi tutazitoa wapi?" Nawajibu kwamba umaskini haukatazi kuchagua. Wakati wa njaa kuu ya Ayalandi iliyoanza mwaka 1845, wanawake wengi maskini walijipatia riziki kwa kufuma lesi ya kroshia. Baadhi ya sindano zao zilikuwa waya uliochomekwa kwenye mpini wa mti na kukunjwa ncha. Waliutafuta waya mwembamba kwa kuwa lesi yao ilikuwa nyembamba. Hata hapa kwetu, spoki ya baiskeli ikikatwa kwa tupa na kulainishwa kwa msasa ni sindano safi kabisa, mradi isishike kutu ikachafua uzi mweupe. Lakini spoki itafaa kazi ya spoki, si kila kazi.

Tena nirudi kwa huyo mkulima. Mbona nyumbani ana jembe la kawaida la kupalilia na jembe la meno la kuchimbulia ardhi ngumu? Si amechagua huyo? Nadhani wahenga walimkemea mvivu anayelaumu jembe kabla hajaenda shambani. Hawakumkemea anayetaka jembe linalofaa shamba lake.

Ninapendekeza sisi tunaofuma hapa shuleni tuwe na kisanduku kimoja cha sindano, kila moja ikiwa imepimwa kule maabara na kuandikwa milimita zake. Anayeazima aandike ameazima ipi, ili akirudi kesho achukue ile ile.

Mamangu hajasema kwamba nilikuwa na haki, na mimi sikumuuliza, maana mzazi ni mzazi. Ila siku hizi akipokea oda, kabla hajafungua uzi huniita na kuniuliza, "Hii tutumie gani?"

Naomba kutoa hoja.