Kuvu ya Mzizi na Kuvu ya Punje: Wajibu wa Mwanaisimu

Soko la Burma, lililo kando ya Barabara ya Jogoo katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, lasifika kwa nyama. Hata hivyo, nyama ni kitoweo tu. Chakula chenyewe ni ugali, nao ugali hutokana na mahindi yaliyolimwa mbali na soko hilo. Ukame ukiyakumba mashamba, mlaji wa Burma huusikia mfukoni.

Kuhusu ukame huo, sayansi ina habari njema iliyokosa jina. Zipo kuvu zinazoishi ndani ya mizizi ya mahindi, mtama na wimbi. Nyuzi zake, nyembamba kuliko mzizi wowote, hupenya udongoni mahali ambapo mizizi haifiki, zikauletea mmea maji na fosforasi. Mmea nao huzilipa kwa sukari. Kuvu hizi haziwezi kushika nafasi ya mvua, lakini zaweza kuusaidia mmea kuustahimili ukame.

Tatizo ni kwamba nchini Kenya neno "kuvu" lanuka mauti. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini, itokanayo na kuvu iotayo kwenye punje za mahindi, iliwadhuru watu 317, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Je, mkulima wa huko ataambiwaje leo kwamba kuvu ni ya kutunzwa shambani?

Wapo watakaopendekeza "kuvu rafiki". Istilahi hiyo yapendeza sikioni, lakini ina hatari. Neno "rafiki" linasifu tu, halibainishi. Mama anayechambua mahindi yaliyoota ukungu hataweza kujua kama aliyemo guniani ni rafiki au adui, na kosa lake litaishia sufuriani.

Istilahi bora hutaja mahali na kazi. "Kuvumizizi" ni mfano mmoja. Neno hilo huunganisha nomino mbili kama lilivyoundwa "askarikanzu", na lamweleza msikilizaji kwamba makao ya kuvu hii ni mzizi, si punje. Punje yenye kuvu itabaki kuwa ya kutupwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haitoshi ikiwa vyama vya Kiswahili vitaendelea kuandaa makongamano ya kuisifu lugha pekee. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Yafaa wanafunzi wakae na wataalamu wa kilimo, waunde istilahi, kisha wazipeleke Burma wazijaribu kwa wauzaji na wanunuzi kabla ya kuziingiza kamusini. Asiyeelewa istilahi ya fasihi hupoteza alama mtihanini. Asiyeelewa istilahi ya chakula aweza kupoteza uhai.