Uwanja Nao Huvuta Pumzi

Uwanja wa shule unapoota upara, lawama huangukia jua au uhaba wa maji. Katika eneo lenye watu wengi kama Keko, wilayani Temeke, mguu haufai kusahauliwa. Kiwanja kinachochezewa asubuhi hadi jioni hushindiliwa kwa kila hatua, na udongo ulioshindiliwa hauponi kwa kumwagiliwa maji tu.

Udongo mzuri si chembe tupu. Karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi zinazohifadhi maji na hewa. Mizizi huhitaji oksijeni ili ipate nguvu kutokana na sukari iliyotengenezwa na majani. Udongo ukishindiliwa, nafasi kubwa ndizo hutoweka kwanza. Mvua ikinyesha, zilizosalia hujaa maji. Na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko ndani ya hewa. Kwa hiyo nyasi zaweza kufa hata wakati wa masika, na maji yaliyoshindwa kupenya hutiririka yakichukua udongo wa juu.

Watunzaji wa viwanja vya gofu wanalijua jambo hili. Mahali penye kishimo, ambapo kila mchezaji hukanyaga, hutoboa ardhi kwa vyuma vyenye uwazi vinavyong'oa vipande vyembamba vya udongo, kisha hujaza mchanga katika matundu. Kwa siku kadhaa uwanja huonekana umeharibiwa. Baadaye mizizi hupata njia ya kushuka.

Yawezekana kusemwa kuwa gofu ni mchezo wa wenye fedha, na kwamba shule haina mashine. Hoja hiyo haina uzito. Kipande cha bomba jembamba la chuma na nyundo vyatosha kwa eneo dogo. Mtaimbo nao hutoboa, ingawa huubana udongo pembeni badala ya kuutoa. Matundu yafikie kina cha sentimita 8 hadi 10, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope. Wakati ufaao ni mvua zinapoanza, kwa kuwa ndipo ukoka hukua kwa nguvu na kutambaa hadi kuziba upara.

Walimu wa sayansi wana somo tayari hapo. Kopo lililotolewa kitako na kifuniko lipachikwe katikati ya uwanja, na jingine kando ya ua pasipokanyagwa. Yote mawili yatiwe maji kwa kipimo kimoja, na muda wa maji kuzama uandikwe. Baada ya kutoboa, jaribio lirudiwe.

Shule inayotumia fedha kununua miche ya nyasi na kuipanda katika ardhi iliyoziba itainunua tena mwaka ujao. Yapasa kwanza kuupumzisha uwanja sehemu kwa sehemu, kuufungulia hewa, ndipo kupanda.