Redio Kubwa Katika Nyumba Ndogo

Mwezi huu sitazungumza juu ya chanjo wala lishe. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho katika nyumba nyingi ni mali ya baba, lakini mama ndiye anayekifuta vumbi. Nacho ni redio. Sisemi ile ndogo ya kubeba shambani. Nasema ile yenye amplifaya, deki ya kanda, mashine ya santuri na spika mbili zinazomfikia mtoto wa darasa la nne mabegani.

Mwaka jana nilipata uhamisho kutoka Morogoro kuja Dar es Salaam. Kule tulipanga nyumba yenye uwanja, mwembe, na jirani aliyekuwa ng'ambo ya shamba la migomba. Huku tulipata fleti ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, Upanga. Sebule niliipima kwa tepu ya fundi cherehani nikapata mita 3 kwa mita 3 na nusu. Ukishaweka makochi, na friji ambayo jikoni ilikataa kuingia, mahali panapobaki ni pa kupita mtu mmoja, tena awe hajabeba kitu.

Nikamwambia baba watoto, "Baba, hii redio haitaingia." Akajibu, "Itaingia." Tangu tuoane mwaka 2003 nimejifunza kwamba akijibu hivyo kwa neno moja, mazungumzo yamekwisha. Basi tukaipandisha ngazi kipande kwa kipande, vijana wawili wakihema, na kweli iliingia. Spika moja ilikaa kwenye kona karibu na mlango, ya pili ikakaa kwenye kona ya dirisha, na pazia likawa halifunguki tena.

Jumamosi ya kwanza, saa mbili usiku, alifungulia kwaya. Hakufungulia sana, kwa kipimo cha Morogoro. Kabla wimbo wa pili haujaisha mlango uligongwa. Alikuwa mzee wa ghorofa ya pili, kavaa kanzu ya kulalia, na mkononi kashika glasi tupu. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, shikamoo zenu nimezipokea. Lakini glasi zangu kabatini zinacheza." Niliona haya. Ningependelea atukane.

Nikaenda chini kesho yake kumwomba radhi mkewe, nikamkuta kitandani. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Miaka ishirini nimewaambia watu wodini wapunguze sauti wagonjwa wapumzike, na sasa nyumba yangu ndiyo inayotikisa kitanda cha mgonjwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza mambo ambayo zamani nilimwachia baba. Fundi mmoja wa redio Kariakoo alinieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Sauti nyembamba ina mawimbi mafupi. Sauti yenye mitetemo 3,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 11 hivi, nayo huzuiwa kwa urahisi na ukuta, na hata mapazia na makochi huimeza kiasi. Lakini besi ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, yaani mara mbili ya urefu wa sebule yetu. Hiyo haijali pazia. Hupita ukutani na kwenye zege la sakafu, ikamkuta jirani kitandani. Ndiyo maana ukipita nje ya ukumbi wa harusi unasikia dum, dum, dum, wala hujui wanaimba nini. Na spika ikikaa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huirudisha besi ndani na kuizidisha. Sisi zote mbili tulikuwa tumeziweka kwenye kona.

Jambo la pili alilonieleza ni hili la wati. Baba watoto alikuwa akijivunia wati 100 kila upande. Fundi akacheka. Akasema ukizidisha wati mara mbili, sikio linaona nyongeza ndogo tu. Ili mtu aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili zinahitajika wati kama mara kumi. Katika chumba kama chetu, kwa spika za kawaida, kusikiliza kwa raha hutumia wati moja au mbili, muda mwingi hata hazifiki. Zile nyingine zote tulizibeba ngazini bure.

Lakini kwa nini baba watoto alikuwa akiongeza sauti kila mwaka? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hili ni la hospitali.

Kwa miaka mingi mume wangu amekuwa akisimamia vyombo vya muziki kwenye mikutano ya injili na sherehe za kanisa. Yeye ndiye anayesimama karibu na spika kubwa kuangalia waya. Nyumbani nilianza kuona kwamba binti yetu mdogo akisema jambo kwa sauti yake nyembamba, baba yake husema, "Eh?" Mimi akinielewa, yeye humkosa. Watoto walidhani baba hawajali. Yule mdogo alifikia kuacha kumsimulia habari za shule, akawa anakuja kunisimulia mimi jikoni. Nami, muuguzi mzima, nilidhani ni uchovu.

Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo sana vinavyopokea mitetemo. Kelele nyingi za muda mrefu huziharibu, na kwa binadamu chembe hizo zikifa haziti tena. Kinachotangulia kupotea aghalabu ni sauti nyembamba. Mtu anasikia lori linapita, lakini herufi kama s, f na sh zinampita, na sauti za watoto zinafifia. Akiongeza redio, anaongeza besi ambayo tayari anaisikia, na anazidi kujiumiza. Nilimpeleka kupimwa. Ikawa kama nilivyoogopa. Sauti nyembamba zimepungua masikio yote mawili, la kushoto zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asipite saa 40 kwa wiki akisikiliza muziki wa desibeli 80. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 90 mtu mzima amebakiwa na saa kama 4 kwa wiki nzima. Siku hizi simu ina programu ya kukadiria desibeli, si sahihi kama kipimo cha wataalamu lakini inatoa mwanga. Usipokuwa nayo, simama umbali wa mkono mmoja na mwenzio. Ikiwa lazima upaze sauti ndipo akusikie, muziki umezidi. Na masikio yakilia ngiii baada ya mkutano au harusi, usiseme ni kawaida. Na vijana wanaolala na visikilizio masikioni, ongea nao. Wangu wa kidato cha tatu bado tunavutana.

Baada ya majibu ya kipimo, baba watoto mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa tupunguze." Sikumwambia kwamba nilishasema tangu Morogoro. Hilo nalo lina thamani yake, mama mwenzangu.

Zile spika kubwa hatukuziuza. Zimerudi Morogoro kwa shemeji yangu, mdogo wake, mwenye uwanja. Nadhani kama zingeuzwa angekuwa kama mtu aliyeuza ng'ombe wa urithi. Kwa kuwa zimekwenda kwa ndugu, anaweza kuuliza habari zake, na anauliza. Badala yake tulinunua spika mbili ndogo za mbao, za mtumba, zinazokaa juu ya rafu. Kijana wetu alitaka tununue kispika kimoja cha Bluetooth tuachane na waya. Ninacho kimoja jikoni, ni kizuri kwa habari na mahubiri. Lakini baba alisema kwaya ina soprano upande mmoja na besi upande mwingine, na wote wakitoka kwenye kopo moja wanakuwa kama abiria wa daladala. Muuzaji naye alitusukumia sabufa. Nikamkumbuka yule mama wa nyonga, nikakataa kabla baba hajafungua mdomo.

Amplifaya tuliibakiza, kwa kuwa bado nzima. Ukifanya hivyo, soma nyuma ya amplifaya imeandikwa spika za ohmu ngapi. Kama inataka 8 ukaipa spika za 4, inaweza kupata moto kupita kiasi. Isifungiwe kabatini bila hewa, wala isitandikwe kitambaa cha kufuma juu ya matundu. Najua tunavyopenda vitambaa. Spika tulizitoa kwenye kona, tukaziweka kimo cha masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi, na umbali kati yake ni sawa na umbali wa kutoka kila moja hadi kwa msikilizaji. Chini ya kila spika nimeweka vipande vya mpira kutoka kwenye kandambili zilizokatika, ili mtetemo usiingie wote katika rafu. Na kwenye kitufe cha sauti nimebandika kipande kidogo cha plasta ya hospitali. Mchana mwisho hapa. Usiku mwisho pale. Hakuna anayegombana na plasta.

Usiku tunazima ukutani kabisa, si kwa rimoti. Kifaa cha zamani kinachokula wati 10 kikiwa kimelala kitakumalizia yuniti 7 na kitu za LUKU kila mwezi bila kukuimbia hata ubeti mmoja.

Zilibaki santuri na kanda. Santuri 40 zilipata nafasi chini ya rafu. Zisimamishe wima kama vitabu, zisilundikwe zikalaliana, na zisipigwe na jua la dirishani kwa maana zitapinda. Kanda zilikuwa zaidi ya 100. Hapa nilikuwa mkali. Nilisema zihamishwe kwenye kompyuta, kisha zigawiwe. Binti yetu mkubwa alileta kompyuta yake ya chuo, fundi akatupa waya wa kuunganisha na deki, na programu ya Audacity ni ya bure. Kazi yenyewe ni ndefu, kwa kuwa kanda ya dakika 60 inataka dakika 60. Lakini ikiisha, inachukua kama megabaiti 60 tu kwa ubora wa kawaida, kwa hiyo kanda zetu zote zinaingia katika flashi moja ya gigabaiti 8. Weka nakala mbili, maana flashi nazo hupotea. Kabla ya kuanza safisha kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti kidogo, uache kikauke. Kanda yenye ukungu usiichezeshe kabla ya fundi kuiona. Na usiziweke kanda juu ya spika, kwa sababu sumaku iliyomo inaweza kuharibu kilichorekodiwa.

Nilitenga zile zenye majina ya kwaya, kama AIC Chang'ombe na Ulyankulu Barabara ya 13, na zile zisizo na maandishi yoyote nikazitia kwenye mfuko wa kutupa. Usiku baba watoto akaufungua ule mfuko akatoa kanda kumi na moja. Nilimcheka. Nikamwambia, "Baba, hata wewe hujui zina nini." Akasema, "Ndiyo maana."

Ya sita ilikuwa ni sauti ya mama mkwe wangu. Wazee wenzangu mnakumbuka enzi zile watu walivyokuwa wakitumiana kanda badala ya barua. Ilikuwa mwaka 1993, alikuwa akimsalimu shemeji yangu mkubwa aliyekuwa masomoni mbali. Anataja mvua, anataja ng'ombe aliyezaa, kisha anakatiza salamu kumkemea mtoto aliyekuwa akimkimbiza kuku. Yule mtoto ni mume wangu. Mama alifariki kabla mimi sijaolewa katika nyumba hiyo, sikupata kumsikia hata siku moja. Ana sauti nyembamba, kama ya binti yetu mdogo. Baba watoto alisogea mpaka sikio lake la kulia likakaribia spika, akaomba tuirudie. Hakuongeza sauti. Binti mdogo akakaa kwenye mkono wa kochi, akawa anamwambia baba yake taratibu yale maneno yanayompita.

Ila kuna jambo sikuwa nimemwambia. Kule Morogoro, wiki moja kabla ya kuhama, yeye akiwa kazini, niligawa boksi moja zima la kanda kwa mnunuzi wa plastiki aliyepita barabarani. Nilitaka kupunguza mzigo. Nimelala na hilo neno miezi mitatu. Nilimwambia Jumamosi iliyopita, watoto wakiwa wamelala. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama zile kanda zilikuwa na maandishi. Nikamjibu kwamba sikuangalia.